Tunda Lililochumwa Lingali Hai

Mwezi wa desemba, katika vijiji vya Katanga vilivyo kando ya mto Luapula, miembe imejaa matunda. Watoto hula maembe asubuhi, hula mchana, hula tena jioni, mpaka midomo inawawasha. Hata hivyo maembe hayaishi. Mengi huanguka usiku kwa upepo wa mvua, na kulipokucha yamelala chini, yamepasuka. Nzi huja, nyuki huja, mbuzi huja. Baada ya siku mbili harufu ya uchachu imejaa uwanja mzima. Akina mama huchukua fagio na kuyasukuma shimoni.

Miezi hupita. Mvua hukatika, na kiangazi huingia. Ikifika mwezi wa agosti nchi imekauka, majani yamekuwa ya rangi ya vumbi, na vijito vingine havina maji. Mboga ni chache, na bei yake sokoni imepanda. Watoto hula bukari kwa mchuzi mwepesi. Katika kijiji kile kilichotupa maembe kwa vikapu, sasa hakuna hata kipande kimoja cha embe.

Basi, ni kitu gani kilichokosekana katika kijiji hicho? Si chakula, maana chakula kilikuwako. Kilichokosekana ni njia ya kukivusha kutoka siku za shibe mpaka siku za upungufu.

Jambo hili si la kijiji kimoja tu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba karibu theluthi moja ya chakula kinachotayarishwa kwa ajili ya watu ulimwenguni hupotea au kutupwa. Mkulima analima, anapanda, anapalilia, anafukuza ndege na nyani. Kisha sehemu kubwa ya jasho lake huoza baada ya kuvunwa.

Hasara hii si ya fedha tu. Embe lililoiva, boga na majani mabichi ya mboga huupatia mwili vitamini A. Mtoto anayekosa vitamini hiyo kwa muda mrefu huanza kuona vibaya jua likishakuchwa. Wenzake wanacheza jioni, naye anajikwaa. Asipopata msaada, macho yake yanaweza kuharibika kabisa, na mwili wake hukosa nguvu ya kupigana na magonjwa. Dawa yake ilikuwa chini ya mwembe, mwezi wa desemba.

1. Kwa nini matunda huoza?

Watu wengi hufikiri kwamba tunda likichumwa limekwisha kufa, kama ukuni uliokatwa. Sivyo. Tunda lililochumwa lingali hai. Linavuta hewa, linatoa joto, linatumia sukari iliyomo ndani yake. Lilipokuwa mtini, mti ulilisha na kulinywesha. Sasa limetengwa na mti, nalo linakula akiba yake lenyewe. Akiba ikiisha, tunda hulegea, huzeeka, hufa. Majani ya mboga ni vilevile.

Tunda hilo lina maadui wanne.

Adui wa kwanza ni joto. Joto likiongezeka kwa digrii 10, tunda huvuta hewa mara mbili au hata mara tatu kuliko kwanza. Kwa hiyo kikapu cha tomati kilichoachwa juani huzeeka kwa siku moja kama vile zimepita siku mbili au tatu kivulini.

Adui wa pili ni kukauka ovyo. Katika gramu 100 za tomati, gramu 94 hivi ni maji. Majani ya lengalenga nayo yana maji mengi, lakini ni membamba, hayana ganda la kuyakinga. Jua na upepo huyanyang'anya maji upesi. Ndiyo maana fungu la lengalenga lililokuwa zuri saa moja asubuhi limenyauka saa sita mchana, na mnunuzi hupita bila kulitazama.

Adui wa tatu ni kidonda. Ngozi ya tunda ni kama ukuta wa nyumba. Ukuta ukitoboka, mwizi huingia. Tunda lililoanguka, lililobanwa au lililokwaruzwa kwa ukucha lina mlango wazi.

Adui wa nne ndiye yule mwizi mwenyewe: vijidudu. Hivi ni viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho bila darubini. Vingine ni bakteria, vingine ni kuvu, kama ile inayoota juu ya mkate wa zamani. Vipo hewani, udongoni, mikononi, hata juu ya ngozi ya tunda zima. Ili viongezeke vinahitaji chakula, maji na joto la kufaa. Tunda lililopasuka linavipa vyote vitatu.

Tena kuna jambo moja ambalo wazee walilitumia tangu zamani. Mtu akitaka ndizi ziive upesi, huzifunika pamoja shimoni au ndani ya gunia. Kwa nini huiva? Kwa sababu matunda mengi yanapoiva hutoa hewa fulani, iitwayo ethilini, nayo hewa hiyo huyahimiza matunda ya jirani yaive pia. Hilo ni jema kwa ndizi mbichi, lakini ni baya kwa mboga. Majani yakiwekwa pamoja na ndizi zilizoiva hugeuka manjano upesi. Na embe moja lililooza kikapuni huwaharakisha wenzake wote.

Anayewajua maadui hawa anajua pia silaha ya kuchukua. Njia zote za kuhifadhi matunda na mboga, za zamani na za sasa, hupigana na mmoja wao au zaidi.

2. Kazi huanza shambani

Mavuno hayaokolewi ghalani kama yameharibiwa shambani.

Mkulima mwenye busara huchuma mapema asubuhi, kabla jua halijawa kali. Huweka kivulini kila kikapu kikijaa. Matunda hayatupi, huyalaza. Tomati za kwenda mbali huzichuma zinapoanza kubadilika rangi, maana zitamaliza kuiva njiani. Tomati za kula jioni ileile huzingojea ziwe nyekundu kabisa.

Kisha huchagua. Matunda mazima huyaweka mahali pao. Yenye vidonda huyatenga yaliwe au yapikwe siku hiyo. Yaliyooza huyaondoa kabisa. Wazee walisema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Tomati nazo ni hivyo hivyo.

Njiani ndipo hasara nyingi hutokea. Tomati hutiwa katika magunia au vikapu virefu, kisha huwekwa katika lori, na juu yake huwekwa mizigo mingine, na juu ya mizigo hukaa watu. Barabara ina mashimo. Zikifika sokoni Lubumbashi, zile za chini zimekuwa mchuzi. Masanduku ya mbao yasiyo marefu, yenye nafasi za kupitisha hewa, huzuia hasara hiyo. Sanduku moja hukaa juu ya lingine, na uzito hubebwa na mbao, si na tomati. Gharama yake ni kubwa kuliko ya gunia, lakini hutumika safari nyingi.

Vitunguu na maboga vina masharti yao. Vitunguu vikisha kung'olewa hukaushwa mahali penye kivuli na upepo mpaka shingo zake zimekauka kabisa. Ndipo hufungwa mafungu na kutundikwa. Havioshwi, wala haviwekwi mahali penye unyevu. Boga huchumwa limekomaa, na kikonyo chake huachwa. Kikonyo kikivunjika, mlango umefunguliwa. Boga zima, lisilo na kidonda, likiwekwa mahali pakavu, hukaa miezi kadhaa.

3. Ubaridi bila umeme

Katika miji, watu wenye umeme huweka mboga katika friji. Katika vijiji vingi umeme haupo. Lakini ubaridi unaweza kupatikana kwa maji na upepo.

Kila mtoto anajua kwamba maji ya mtungi wa udongo ni baridi kuliko maji ya ndoo. Kwa nini? Mtungi una vitundu vidogo sana. Maji hupenya kidogo kidogo mpaka nje, na upepo huyageuza kuwa mvuke. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto na kuondoka nalo. Ndivyo pia mtoto aliyetoka kuoga mtoni anavyosikia baridi akisimama penye upepo.

Mwalimu mmoja wa Nigeria, jina lake Mohammed Bah Abba, alilitumia jambo hili vizuri. Katika miaka ya 1990 aliwafundisha wanavijiji wa kaskazini ya nchi yake kuweka chungu kimoja ndani ya kingine. Kati ya vyungu viwili hutiwa mchanga. Mchanga hunyweshwa maji kila siku. Mboga huwekwa katika chungu cha ndani, na juu yake hufunikwa kitambaa chenye majimaji. Mbilingani zilizokuwa zikiharibika baada ya siku 3 zilikaa mpaka siku 27. Mwaka 2000 alipewa tuzo kwa kazi hiyo, akaifikisha katika vijiji vingi zaidi. Udongo, mchanga, maji: hakuna kitu kilichotoka mbali.

Lakini ni lazima kujua mpaka wa njia hii. Inafaa katika kiangazi, hewa inapokuwa kavu. Wakati wa masika hewa yenyewe imejaa maji, haiwezi kuchukua mengine, na chungu hakitakuwa baridi sana. Tena vyungu viwekwe penye kivuli na upepo, siyo katika pembe ya nyumba isiyo na dirisha.

4. Kukausha

Kukausha ni njia ya zamani kuliko zote. Wazee wa Katanga walikausha uyoga, samaki, viwavi na mihogo. Sababu yake ni rahisi: vijidudu haviwezi kuongezeka pasipo maji. Pale juu kukauka ovyo kuliitwa adui. Lakini mtu akikausha kwa mpango, adui huyo hugeuka mtumishi.

Embe la kukausha lisiwe limeiva mno. Mtu huosha mikono, kisu na tunda kwa maji safi, humenya, kisha hukata vipande vyembamba, vya unene sawa, karibu nusu sentimeta. Vikiwa vinene, nje hukauka na ndani hubaki maji. Vipande hupangwa juu ya chekeche au mkeka safi ulioinuliwa juu ya miguu, ili hewa ipite juu na chini. Havigusani. Kitambaa chepesi huvifunika kwa sababu ya nzi na vumbi. Kukausha chini, juu ya udongo, ni kukaribisha vijidudu, kuku na mbuzi.

Lakini maembe huiva wakati wa mvua. Hilo ndilo gumu. Mtu aanze asubuhi, anapoona anga safi, na vipande vyake viwe vyembamba. Wengine hutengeneza sanduku lenye kifuniko cha plastiki kinachopitisha mwanga, na matundu ya kuingiza na kutoa hewa. Ndani yake hupata joto kuliko nje, na mvua haiingii. Penye tanuri la mkate, joto linalobaki mkate ukishatolewa hufaa pia. Joto la digrii 50 mpaka 60 linatosha. Likizidi sana, embe hupikika badala ya kukauka.

Kipande kilichokauka vizuri hupindika kama ngozi, wala hakitoi maji kikibanwa. Kilo 5 za nyama ya embe hutoa karibu kilo 1 ya embe kavu. Kilo 1 ya tomati hutoa gramu 70 hivi tu. Mzigo umepungua, na chakula kimebaki.

Majani ya mboga hukaushwa kwa namna nyingine. Lengalenga na matembele hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili, kisha huchujwa na kukaushwa kivulini, penye upepo. Kwa nini kivulini? Kwa sababu jua kali huharibu vitamini A, ile inayolinda macho. Majani yaliyokaushwa juani mpaka yakawa meupe yanajaza chungu, lakini faida yake imepungua sana.

Vyote vikishakauka hutiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko, na kuwekwa mahali penye giza. Kila baada ya majuma machache mama hufungua na kutazama. Akiona unyevu, huvianika tena. Akiona kuvu, huvitupa. Mboga kavu hurowekwa, kisha hupikwa kwa mawese au karanga, maana mafuta huusaidia mwili kuipokea vitamini A.

5. Chumvi, sukari na moto

Chumvi nyingi na sukari nyingi huyafunga maji, hata vijidudu visipate ya kunywa. Uchungu wa ndimu na siki nao huvizuia. Kwa sababu hiyo pilipili iliyosagwa pamoja na chumvi na ndimu hukaa kuliko pilipili tupu. Kwa sababu hiyo pia matunda hupikwa na sukari. Kwa kilo 1 ya nyama ya embe, au ya nanasi, au ya mapera, mtu hutia robo tatu ya kilo ya sukari au kilo nzima, na maji ya ndimu. Hukoroga juu ya moto mpaka imekuwa nzito, na tone lake likiwekwa juu ya sahani baridi halitiririki. Hutiwa ingali moto katika chupa zilizochemshwa, na kufungwa mara moja.

Ufundi wa chupa zilizofungwa ulitoka Ufaransa. Mpishi mmoja, Nicolas Appert, alijaribu miaka mingi kutia vyakula katika chupa, kuzifunga kwa nguvu na kuzichemsha ndani ya maji. Vyakula vyake havikuoza. Mwaka 1810 serikali ya nchi yake ilimpa franka 12,000, kwa sharti kwamba awafunulie watu wote siri yake. Yeye mwenyewe hakujua vizuri kwa nini njia ile ilifaulu. Sababu ilieleweka miaka hamsini hivi baadaye, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba vijidudu ndivyo vinavyoharibu, na kwamba moto huviua.

Hapa inafaa kuonya. Kuna kijidudu kimoja chenye mbegu ngumu sana ambazo hazifi katika maji yanayochemka. Zikiwa ndani ya chupa isiyo na hewa, na chakula kisicho na uchungu, huamka na kutoa sumu inayoweza kuua mtu. Sumu hiyo pengine haina harufu wala ladha. Kwa hiyo majani ya mboga, maharage, maboga na uyoga yasifungwe katika chupa kwa kuchemshwa tu nyumbani, afadhali yakaushwe. Matunda yenye uchungu yanafaa kwa chupa. Tomati nazo zinafaa, lakini zitiwe maji ya ndimu kwanza. Na chupa ikivimba au ikifurika povu inapofunguliwa, chakula chake kisionjwe hata kwa ncha ya ulimi.

6. Kopo la tomati

Katika kila duka dogo la Kongo kuna makopo madogo ya tomati nzito. Mengi hutoka Italia au China. Tomati hizo zimelimwa mbali, zimepikwa, zimefungwa, zimevuka bahari, zimepakiwa katika malori, mpaka zimefika mlangoni kwa mkulima. Naye mkulima hununua kopo hilo mwezi uleule ambao tomati zake zinaoza sokoni, kwa sababu zimeiva zote pamoja na bei imeanguka.

Mtu aliyelima tomati za kopo si mkulima hodari kuliko yeye. Udongo wake si bora kuliko udongo wa Katanga. Tofauti ni kwamba huko kazi haikuishia shambani.

Haifai kutupa vitu vibichi na kula vikavu tu. Kukausha na kupika hupunguza vitamini nyingine, hasa vitamini C. Kwanza watoto wale matunda mabichi, washibe. Kisha kilichozidi kisiachiwe nzi. Familia inayokausha vikapu vichache mwezi wa desemba itakuwa na kitu cha kutia katika uji wa mtoto mwezi wa agosti, na pengine na kitu cha kuuza shule zinapofunguliwa.

Wahenga walisema: akiba haiozi. Tunda lenyewe huoza. Lakini likitunzwa kwa akili, hugeuka akiba.

Maswali

1. Kwa nini inasemwa kwamba tunda lililochumwa lingali hai?
2. Taja maadui wanne wa matunda na mboga.
3. Kwa nini chungu ndani ya chungu hakifai sana wakati wa masika?
4. Embe la kukausha hukatwa namna gani? Kwa nini?
5. Kwa nini majani ya mboga hukaushwa kivulini?
6. Ni vyakula gani visivyofaa kufungwa katika chupa nyumbani? Eleza hatari yake.

Kazi ya darasa. Chukueni mafungu mawili ya lengalenga yaliyo sawa. Moja liwekeni juani. La pili lifungeni kwa kitambaa chenye maji, na kuliweka kivulini penye upepo. Yatazameni saa nne, saa sita na saa tisa. Andikeni mliyoyaona, kisha waelezeni wazazi wenu nyumbani.